Kifaa Kikiharibika katika Nyumba ya Kupanga: Wajibu wa Mwenye Nyumba na wa Mpangaji



Katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo ambalo kwa nje huonekana dogo, lakini mara nyingi hutufikia kituoni likiwa limekwisha kuwa kubwa. Kifaa kinapoharibika ndani ya nyumba ya kupanga, ni nani mwenye wajibu wa kukitengeneza au kuleta kingine? Mpangaji huja akilalamika kwamba friji imekufa tangu miezi mitatu iliyopita, na mwenye nyumba hajishughulishi ilhali kodi anaidai kamili. Mwenye nyumba naye huja akidai kwamba pampu yake ya maji imeunguzwa na mpangaji asiyejua kuitumia. Wakati mwingine huja wote wawili kwa pamoja, mmoja amemkamata mwenziwe shati.

Hapo zamani ugomvi wa namna hii ulikuwa nadra kwetu, kwa kuwa mtu alipanga chumba kitupu. Kitanda, taa na mtungi wa maji vilikuwa vyake, na siku ya kuhama aliondoka navyo. Mambo yalibadilika baada ya gesi kugunduliwa mwaka 2010 katika bahari ya bonde la Ruvuma. Wafanyakazi na wafanyabiashara walipoanza kuja Palma na Afungi, wenye nyumba walianza kupangisha nyumba zenye friji, feni, viyoyozi, majiko ya gesi na majenereta. Kisha vikaja vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia, wengine wakarudi. Wapo waliokuwa na nyumba zao ambao leo ni wapangaji, na wapo wanaopangisha vyumba viwili vilivyosalia ili wapate kula. Kwa watu walio katika hali hiyo, friji moja si jambo dogo. Kwa muuza samaki ndiyo mtaji wake, na kwa mwenye nyumba huenda ndiyo mali pekee aliyoinusuru.

Sheria inayotuongoza

Nchini Msumbiji mkataba wa kupanga nyumba huongozwa na Kanuni ya Sheria za Madai (Código Civil), iliyoanza kutumika hapa tarehe 1 Januari 1968 na ambayo sehemu yake kuhusu upangaji inatumika hata leo. Humo hamkutajwa friji wala feni. Yaliyomo ni misingi, na misingi hiyo inatosha mtu akiielewa.

Kifungu cha 1031 kinamtwika mwenye nyumba wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni kumkabidhi mpangaji kile alichompangisha. Wa pili ni kuhakikisha kwamba mpangaji anaweza kukitumia kwa kazi iliyokusudiwa, kwa muda wote wa mkataba. Wajibu huu wa pili ndio unaosahauliwa. Anayepangisha nyumba pamoja na friji hajamaliza kazi yake siku anapotoa ufunguo. Kodi anayopokea kila mwezi ni malipo ya nyumba na friji inayogandisha, si malipo ya sanduku jeupe lililosimama jikoni.

Kwa upande wa pili, kifungu cha 1038 kinamtaka mpangaji alipe kodi, asitumie nyumba na vilivyomo kwa uzembe, amruhusu mwenye nyumba kukagua na kufanya matengenezo ya haraka, na amjulishe mara moja anapogundua hitilafu. Mwisho wa mkataba atarudisha kila alichopokea. Haki za mmoja zinakwenda sambamba na wajibu wa mwingine. Asiyetimiza wake hana uso wa kudai wa mwenziwe.

Swali la kwanza: kifaa ni cha nani?

Kabla ya kubishana kuhusu nani alipe, ni vizuri kutenga vitu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni viungo vya nyumba yenyewe: nyaya zilizomo ukutani, soketi, kisanduku cha umeme, mabomba, tangi la maji, choo, paa, milango na makufuli yake. Hivi ni nyumba. Visipofanya kazi, nyumba haifai kukaliwa, na mzigo wa kuvitengeneza ni wa mwenye nyumba, isipokuwa kama mpangaji ndiye aliyeviharibu.

Fungu la pili ni vifaa vilivyokabidhiwa pamoja na nyumba: friji, jiko, feni, kiyoyozi, pampu, jenereta, au paneli za sola na betri zake. Kama mwenye nyumba aliviweka, akavionyesha na kodi ikapangwa kwa kuvihesabu, navyo ni sehemu ya kilichopangishwa. Vikichakaa, yeye ndiye wa kuvitengeneza au kuvibadilisha. Hata hivyo, sheria inawaachia watu uhuru wa kupatana vinginevyo. Wanaweza kukubaliana kwamba friji imeachwa kwa hisani tu, na ikifa haitabadilishwa. Makubaliano ya namna hiyo ni halali, ila yawe wazi na yaandikwe, yasiwe maneno yanayozuka baada ya friji kufa.

Fungu la tatu ni vifaa alivyokuja navyo mpangaji au alivyonunua mwenyewe. Hivi ni vyake, vikiharibika ni juu yake, na akihama anaondoka navyo. Tahadhari moja inahitajika hapa: kilichofungwa ukutani kisibanduliwe kwa kuacha ukuta umebomoka. Mpangaji anayetaka kufunga kiyoyozi au tangi lake aombe idhini kwanza, na wapatane mapema kitakuwaje siku ya kuhama.

Kugawanya hivi viungo vya nyumba na vifaa vya kutumia si jambo la kwetu peke yetu. Nchini Uingereza, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamlazimisha mwenye nyumba kutunza mifumo ya maji, gesi, umeme na usafi wa nyumba, lakini vifaa vinavyotumia umeme au gesi hiyo, kama friji, haikuvitia katika lazima hiyo. Basi hata huko, suala la friji hurudi kwenye swali lile lile: mlikubaliana nini?

Swali la pili: kimeharibika kwa sababu gani?

Tukishajua kifaa ni cha mwenye nyumba, hatujamaliza. Sababu ya kuharibika nayo ina uzito wake.

Kuchakaa kwa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Friji iliyotumika miaka mingi huchoka. Feni iliyo karibu na bahari huliwa na chumvi. Betri ya sola hupungua nguvu hata ikitunzwa vizuri. Mpangaji aliyevitumia vitu hivi kwa uangalifu hadaiwi upya wake, kwa maana kutumia ndiko alikolipia.

Uharibifu wa uzembe ni mzigo wa mpangaji. Mtu aliyewasha pampu kisimani hamna maji mpaka ikaungua, aliyeng'oa barafu ya friji kwa kisu akatoboa bomba la gesi yake, au aliyeunganisha pasi, jiko na friji katika soketi moja mpaka nyaya zikayeyuka, huyo atalipa. Kifungu cha 1044 kinasema mpangaji anawajibika kwa kupotea au kuharibika kwa kitu, ila akionyesha kwamba sababu haikutoka kwake wala kwa mtu aliyemruhusu kukitumia. Tuyazingatie maneno haya ya mwisho. Mgeni wako au mtoto wa jirani uliyemkaribisha akivunja kioo cha jiko, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Zipo pia sababu zisizo za mmoja wala za mwingine. Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, na Kimbunga Chido kikaingia upande wa Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024. Na sisi wa Palma tunaikumbuka Machi 2021, nyumba zilipochomwa na vitu kuporwa. Baadhi ya wenye nyumba wangali wanawadai wapangaji wao wa wakati ule friji na majenereta yaliyochukuliwa. Tunawaomba waelewe kwamba mpangaji aliyekimbia kuokoa roho yake hakuharibu kitu wala hakuiba, na sheria haimtozi kwa msiba asioweza kuuzuia. Kadhalika, mpangaji wa wakati ule hana msingi wa kumshurutisha mwenye nyumba amlipe vyombo vyake mwenyewe vilivyoporwa humo. Kila mmoja alipoteza chake. Aliyerudi katika nyumba ile ile akute kuta tupu, na apatane upya na mwenye nyumba juu ya kodi inayolingana na nyumba ilivyo sasa.

Orodha ya siku ya kuingia

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii, nasi tunawaomba msomaji na msikilizaji watulie kidogo.

Kifungu cha 1043 kina kanuni ambayo wapangaji wengi hawaijui. Kinasema kwamba pasipokuwa na maandishi yanayoeleza hali ya kitu siku ya kukabidhiwa, itachukuliwa kwamba kilikabidhiwa kikiwa katika hali nzuri. Maana yake ni kwamba mpangaji aliyeingia bila orodha, akakuta feni imekufa na jiko lina kichwa kimoja kibovu, akanyamaza, siku ya kuhama anaweza kudaiwa feni nzima na jiko zima. Atasema aliyakuta hivyo, atatakiwa kuthibitisha.

Kifungu cha 1033 kinaongeza jambo jingine: mwenye nyumba hawajibiki kwa kasoro ambayo mpangaji aliijua au iliyoonekana wazi siku ya kupatana, isipokuwa kama alimhakikishia kwamba haipo au alimficha kwa hila. Anayeiona friji haigandishi, akaingia bila kusema neno, amejifungia mlango wa kudai. Lakini mwenye nyumba akisema, "Ingia tu, fundi anakuja Jumatatu," ahadi hiyo inamfunga. Iandikwe basi.

Mwenye nyumba naye anaihitaji orodha. Bila orodha atathibitishaje kwamba aliacha feni mbili na si moja? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nchini Afrika Kusini, sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999 imewataka mwenye nyumba na mpangaji wakague nyumba pamoja kabla ya kuingia, na tena wakati wa kutoka. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa hiari yetu, kwa karatasi moja na kalamu.

Orodha haihitaji maneno ya wanasheria. Inaweza kuandikwa hivi:

Friji moja nyeupe ya milango miwili: inagandisha, mpira wa mlango umechanika chini.
Feni mbili za dari: ya sebuleni inazunguka, ya chumbani haizunguki, mwenye nyumba ataitengeneza kabla ya mwisho wa mwezi.
Jiko la gesi la vichwa vinne: vitatu vinawaka, kimoja hakiwaki.
Pampu ya maji: inafanya kazi, imejaribiwa mbele ya wote wawili.
Betri mbili za sola: zimetumika, zinawasha taa usiku kucha, zikichoka, mwenye nyumba atazibadilisha.

Chini ya orodha waandike tarehe na kuweka sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi anayeaminiwa na pande zote mbili. Picha za simu zinasaidia sana, hasa zikitumwa kwa upande wa pili siku ile ile, kwa sababu zitabaki na tarehe yake. Jaribuni kila kifaa kwa kukiwasha, msitosheke na kukitazama. Na kila malipo, yawe ya kodi, ya amana au ya fundi, yawe na risiti. Mkipatana kwa meticali au kwa shilingi, andikeni ni fedha gani, maana hapa kwetu mpakani zote mbili hupita mikononi.

Kifaa kinapoharibika, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpangaji anayeona cheche katika soketi akanyamaza wiki tatu mpaka friji ikaungua, amegeuza kosa la nyaya kuwa kosa lake. Taarifa iwe kwa ujumbe wa simu au barua, ili ionekane baadaye. Mwenye nyumba akiishi mbali, iwe Pemba, Mtwara au kwingineko, atakuwa amefanya vema akimteua ndugu au jirani wa kupokea taarifa hizo na kumwandika katika mkataba.

Hatua ya pili ni kumpa mwenye nyumba nafasi ya kuleta fundi. Patianeni muda unaofaa kwa kitu chenyewe. Feni inaweza kungoja. Maji ya kunywa hayangoji. Fundi aandike ameona nini na kwa sababu gani kifaa kimeharibika, maana karatasi yake ndiyo itakayojibu swali la uchakavu au uzembe.

Hatua ya tatu ni matengenezo ya haraka. Kifungu cha 1036 kinamruhusu mpangaji kufanya matengenezo mwenyewe na kurudishiwa gharama, ikiwa mwenye nyumba amechelewa kutimiza wajibu wake na jambo lenyewe haliwezi kungoja mahakama. Ikiwa jambo haliwezi kungoja hata kidogo, mpangaji anaweza kuanza papo hapo, bali amjulishe mwenye nyumba wakati ule ule. Mfano wake ni bomba lililopasuka, waya uliobaki wazi, au gesi inayovuja. Gesi ikinuka, fungeni mtungi, fungueni milango, msiwashe wala msizime taa, tokeni nje kwanza. Ugomvi wa nani alipe utafuata watu wakiwa hai. Hifadhini risiti na kile kipande kilichoondolewa. Ruhusa hii ni ya dharura, si ya kununua kiyoyozi kipya na kupeleka hesabu.

Kuhusu kodi, wapangaji wengi hudhani kwamba friji ikifa wana haki ya kuacha kulipa. Tunawaonya. Kifungu cha 1040 kinakubali kodi ipunguzwe pale mpangaji anapokosa kutumia sehemu ya alichopanga bila kosa lake, na punguzo lilingane na muda na ukubwa wa hasara. Friji haiwezi kufuta kodi ya nyumba nzima. Tena anayejipunguzia kimyakimya anajitia hatarini, kwa kuwa kodi iliyocheleweshwa huzaa fidia juu yake na inaweza kuwa sababu ya kushtakiwa. Punguzo lipatanwe kwa maandishi, au liamuliwe na mahakama.

Yasiyoruhusiwa

Mpaka hapa tumezungumza habari za madai, ambazo kuamua kwake si kazi ya polisi. Askari hana mamlaka ya kusema friji inunuliwe na nani, wala ya kukusanya kodi, wala ya kumtoa mpangaji kwa neno la mwenye nyumba. Lakini hasira inapoingia, jambo la madai hugeuka jinai, na hapo sisi tutafika.

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadilisha kufuli, kung'oa mlango, kukata umeme au maji, au kushika vyombo vya mpangaji ili alipwe. Kifungu cha 1037 kinamkataza kufanya lolote la kumzuia mpangaji kutumia nyumba, na kinampa mpangaji njia za kisheria za kujilinda hata dhidi ya mwenye nyumba huyo. Kumwondoa mpangaji kwa sababu hakutimiza mkataba kunahitaji hukumu ya mahakama, kama kifungu cha 1047 kinavyosema. Tena Katiba ya nchi, katika kifungu cha 68, inalinda makazi ya mtu yasiingiliwe. Nyumba iliyopangishwa ni makazi ya mpangaji, ingawa ufunguo wa akiba umo mfukoni mwa mwenye mali.

Mpangaji naye hana ruhusa ya kuhama usiku na pampu ya mwenye nyumba kwa kusema anajilipa amana yake. Huo ni wizi, na tutauita kwa jina lake. Kuvunja kifaa kwa makusudi nako ni kosa la jinai. Na kumpiga mtu, mwanamke au mwanamume, kwa ajili ya kodi au friji, hakuna sheria inayokuhalalisha.

Lipo jambo moja ambalo tunalisema kwa uzito wote. Katika wilaya iliyopita katika vita, neno moja la uongo linaweza kumwangamiza mtu. Ni marufuku kumtaja mpangaji kuwa ni mshirika wa magaidi ili ahame, au kumtaja mwenye nyumba kuwa ndiye anayewaficha ili deni lifutike. Anayewasingizia watu kwa makusudi mbele ya vyombo vya dola anatenda kosa la jinai, na mashtaka yatamrudia yeye. Mbali na hilo, anatuharibia kazi. Kila saa tunayoipoteza kuchunguza uongo uliozaliwa na ugomvi wa friji ni saa tuliyoiondoa katika ulinzi wa vijiji. Mkiwa na taarifa ya kweli ya usalama, ileteni bila kuchelewa. Mkiwa na ugomvi wa nyumba, uleteni kwa jina la ugomvi wa nyumba.

Vivyo hivyo kwa wageni. Mwenye nyumba asimtishie mpangaji kutoka ng'ambo ya mto kwamba atamshtaki kwa Uhamiaji iwapo atadai feni itengenezwe. Hati za ukaaji zina idara yake na taratibu zake, na kila mgeni anawajibika kuwa nazo. Lakini hazigeuzwi kuwa fimbo ya kukwepea mkataba.

Mahali pa kupeleka shauri

Anzeni nyumbani: wawili hao na orodha yao mezani. Wakishindwa, waende kwa katibu wa mtaa au mkuu wa kijiji, na kwa wazee wanaoheshimiwa na pande zote. Baraza la Polisi Jamii la kijiji nalo linaweza kuwakutanisha kabla ya ugomvi kuwaka, ingawa halina mamlaka ya kuhukumu wala kutoza faini.

Baada ya hapo ipo Mahakama ya Jamii (Tribunal Comunitário), iliyoundwa kwa Sheria namba 4/92 ya tarehe 6 Mei 1992. Mahakama hii hushughulikia migogoro midogo ya madai. Kwanza hutafuta suluhu, na suluhu ikikosekana huamua kwa haki na busara, bila kuhitaji mawakili. Kwa ugomvi wa feni, pampu au jiko, hapo ndipo mahali panapofaa zaidi. Shauri kubwa, au la kumtoa mtu katika nyumba, ni la Mahakama ya Wilaya. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada wa IPAJ, taasisi ya dola ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya wasio na uwezo.

Kituo cha polisi ni mahali pa kwenda panapokuwa na vitisho, kipigo, wizi, uharibifu wa makusudi, kuvamiwa nyumba au kufungiwa nje. Kupokea malalamiko ni wajibu wetu na hakuna malipo. Askari akiwaomba fedha ili awatoze deni au amwondoe mpangaji, mkatalieni na mtoe taarifa kwa mkuu wake.

Ndugu wanaopanga upande wa Mtwara wakumbuke kwamba nyumba hufuata sheria ya nchi iliposimama. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo inahesabu baadhi ya masharti kuwa yamo katika kila mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa, likiwamo la mpangaji kuachwa akae kwa amani. Huko suluhu hutafutwa kwanza katika serikali ya kijiji na Baraza la Kata, na shauri likizidi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Orodha ya siku ya kuingia ina faida ile ile katika kingo zote mbili za Ruvuma.

Neno letu la mwisho

Tukiyakusanya yote, tunabaki na maneno machache. Kilichokabidhiwa pamoja na nyumba kikachakaa, ni juu ya mwenye nyumba. Kilichoharibiwa na mkono wa mpangaji, ni juu ya mpangaji. Kilichochukuliwa na kimbunga au na vita, asilaumiwe mtu. Na kisichoandikwa kitabishaniwa.

Hasira hasara. Friji mpya hununuliwa, lakini ujirani uliovunjika haupatikani dukani, na sisi watu wa mpakani tumejifunza katika miaka hii kwamba siku ya hatari anayekugongea mlango kukuambia ukimbie ni huyo huyo jirani. Kwa hiyo kila anayepangisha nyumba mwezi huu, na kila anayepanga, aketi chini na mwenziwe aandike orodha kabla ufunguo haujabadili mkono. Wasiojua namna ya kuiandika wafike kituoni au kwa Baraza la Polisi Jamii la kijiji chao. Tutawasaidia kuiandika, bila malipo.